Schubert na bilauri za Crumb: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya tamasha la chemba

Ninaimba alto kwenye kwaya ya ibada ya Kiswahili katika mji mmoja wa Ujerumani, na hilo limetosha kunifanya nionekane mjuzi wa kila kitu chenye nota. Nikiwaalika wenzangu twende kusikiliza wapiga nyuzi wanne, simu inajaa maswali, na mengi ni yale yale ya msimu uliopita. Nimeamua kuyaandika mara moja, ili nami nipumzike.

Programu ninayoizungumzia ni moja, na makundi mengi ya nyuzi yameipiga kwa miaka: kwateti ya Franz Schubert ya mwaka 1824 inayojulikana kama "Mauti na Binti", na "Black Angels", yaani Malaika Weusi, ya Mmarekani George Crumb, ya mwaka 1970. Kwateti ni kundi la wanne: fidla mbili, viola, yaani dada mkubwa wa fidla, na chelo, ile kubwa inayoshikwa kati ya magoti.

Muziki wa chemba? Chemba ipi?

Kaka yangu wa Dar alipoliona neno hilo aliuliza kama tunakwenda kuzibua maji taka. Hapana. Chemba hapa ni chumba. Ni muziki ulioandikwa kwa watu wachache, kila mmoja na sauti yake, bila kondakta wa kuwapungia kijiti, upigwe sebuleni kwa mtu. Schubert mwenyewe alikulia humo: nyumbani kwao baba alishika chelo, kaka zake Ignaz na Ferdinand wakashika fidla, na yeye viola. Baadaye muziki huo ulihamia kumbini, lakini kumbi zake zimebaki ndogo. Wigmore Hall ya London, iliyofunguliwa mwaka 1901, ina viti kama 550. Pierre Boulez Saal ya Berlin, ya mwaka 2017, ina 682, navyo vimepangwa kuwazunguka wapigaji.

Ukitaka maana iliyo karibu zaidi, chukua ile ya vijiweni. Mtu akikushika mkono akakwambia "njoo chemba", ana jambo la kukunong'oneza ambalo wengine hawapaswi kulisikia. Ndivyo wanavyopiga hawa wanne. Wanatazamana, wanavuta pumzi pamoja, mmoja anaanza kusema na mwenzake anamalizia. Wewe umekaa pale kama jirani aliyesahaulika dirishani.

Romantiki ni nyimbo za mapenzi? Nije na mke wangu?

Mlete, ila usimwahidi mishumaa. Romantiki ni jina la kipindi, na kwa muziki wa Ulaya huhesabiwa takriban karne yote ya 19. Watunzi wake walitaka muziki useme yaliyomo moyoni mwa mtu, na moyoni hamna mapenzi peke yake. Mna hofu, usiku, majuto, na kile ambacho mtu hukiwaza saa tisa za usiku akiwa macho. Schubert amesimama mlangoni mwa kipindi hicho, mguu mmoja bado uko kwa Mozart na Beethoven, na wapo wataalamu wanaomhesabu huko. Kwa kwateti hii mimi sibishani na mtu: huyu ameshaingia ndani na kufunga mlango.

Kwa nini hawa wawili wawekwe usiku mmoja? Si kila mtu angepewa siku yake?

Kwa sababu Crumb ndiye aliyeanza kuwachanganya. Kazi yake ina vipande 13, na ukifika cha sita unamsikia Schubert. Wapigaji watatu wanashika ala zao kwa namna ya kizamani na kupitisha upinde upande usio wake, juu ya vidole vya mkono wa kushoto, kuelekea vigingi. Sauti inatoka nyembamba na kavu, kana kwamba inatoka kwenye sanduku la marehemu lililofunguliwa baada ya miaka. Mpigaji wa nne, pembeni na fidla yake, anatoa milio ya wadudu. Wimbo wenyewe umechukuliwa kutoka sehemu ya pili ya kwateti ya Schubert, na mwendo wake ni ule ule: noti moja ndefu, mbili fupi, moja ndefu, mbili fupi. Hatua za watu waliobeba jeneza.

Kwa hiyo mwenye kupanga programu hatafuti mvuto wa rangi mbili zisizopatana. Kazi moja imembeba mwenzake tumboni, na ukizipiga pamoja unamwonyesha msikilizaji mama na mtoto.

Swali linalobaki ni nani atangulie, na hapo nina msimamo. Crumb kwanza, mapumziko, kisha Schubert. Tatizo la Schubert ni kwamba tumemzoea. Anapigwa migahawani, kwenye matangazo, kwenye simu ukisubiri kuunganishwa na mhudumu, mpaka sikio linasikia uzuri na kuacha mengine yote. Lakini ukitoka kwenye vile vipande 13, ukanywa maji yako, ukarudi kitini, halafu wale wanne wakaivamia noti ya kwanza kwa nguvu zao zote, unaelewa kwamba mtu huyu alikuwa anaogopa. Niliwahi kuisikia programu hii imegeuzwa, Schubert akiwa wa kwanza. Tulirudi nyumbani tukimzungumza Crumb njia nzima. Schubert hakutajwa hata mara moja, na sidhani kama kosa lilikuwa la wapigaji.

Huyu Crumb ni nani, na kazi ya 1970 inakuwaje "ya kisasa"?

Alizaliwa mwaka 1929 Charleston, West Virginia, akafundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania kwa miaka kama 30, akapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1968, akafariki Februari 2022 akiwa na miaka 92. Nota zake aliziandika kwa mkono, kwa usafi wa ajabu.

Neno "kisasa" ni la uvivu kidogo, nakubali. Wanamuziki hulitumia kwa karibu kila kitu kilichoandikwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo kuna vya kisasa vyenye wajukuu. Kazi hii iliagizwa na Chuo Kikuu cha Michigan, na Oktoba 1970 Stanley Quartet waliipiga kwa mara ya kwanza huko Ann Arbor. Crumb aliweka tarehe ya kumaliza kwenye nota: Ijumaa, 13 Machi 1970, na pembeni maneno ya Kilatini yenye maana ya "wakati wa vita". Vita yenyewe ilikuwa ya Vietnam. Wengi wakisikia kipande cha kwanza, kinachoitwa Usiku wa Wadudu wa Umeme, wanasikia helikopta. Mwenyewe alieleza kwamba hakukaa mezani ili aandike kazi ya vita. Mambo ya kutisha yaliyokuwa hewani wakati ule yaliingia yenyewe.

Mwaka 1973 kijana mmoja wa Seattle, David Harrington, aliisikia kazi hii redioni. Akaunda kundi ili aweze kuipiga. Kundi hilo ndilo Kronos Quartet, na kama kuna watu waliobadilisha fikra kuhusu nini kinaweza kupigwa na fidla mbili, viola na chelo, ni hao.

Ni kweli wanahesabu kwa Kiswahili jukwaani?

Ni kweli, na ndiyo sababu ya mimi kuanza kuwaburuta huko.

Maelezo ya Crumb mwenyewe kuhusu kazi hii yanataja lugha sita: Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihangari, Kijapani na Kiswahili. Wapigaji wanahesabu kwa midomo yao huku mikono ikiendelea na kazi. Mara wananong'ona, mara wanapaza sauti. Namba zinazotawala ni 7 na 13. Vipande ni 13, cha saba ndicho kitovu, na kutoka hapo upande wa kulia na wa kushoto vinajibizana kama kuta mbili za nyumba moja: cha kwanza na cha mwisho vinawahusu wale wadudu wa umeme, na vya katikati vinapunguza na kuongeza idadi ya wapigaji kwa mpangilio. Hata urefu wa sauti na idadi ya marudio vimepimwa kwa namba hizo. Crumb aliuita uhesabuji huu wa midomo kitu cha ibada. Mtu aliyelelewa kwenye nyumba yenye tasbihi au rozari hahitaji kuelezwa zaidi; anajua kwamba kuna kuhesabu ambako si kwa ajili ya kupata jumla.

Usitegemee lafudhi ya Unguja. Wapigaji wengi wamekariri matamshi yaliyoandikwa kwenye nota, na siku nyingine utahitaji kutega sikio sana ndipo uwagundue. Mara yangu ya kwanza sikujua chochote. Nilikuwa nimekaa safu ya nne, mwili umeshikwa, halafu katikati ya ile kelele nikasikia namba za kwetu. Nikacheka kwa sauti. Mama wa Kijerumani aliyekuwa mbele yangu aligeuka akanitazama kama niliyecheka msibani.

Nimelifikiria sana tangu siku ile. Kwa wengine wote ukumbini, maneno yale yalikuwa fumbo, sauti kutoka mahali pasipojulikana, na bila shaka ndivyo mtunzi alivyotaka. Kwangu mimi fumbo lilivunjika papo hapo. Vietnam ikawa soko la Kariakoo, mama anahesabu machungwa. Lakini yule aliyekaa hapo akiwa Mhangari naye analo neno lake la kuvunjikiwa, na Mjapani lake. Kwa hiyo hakuna mtu mmoja anayesikia kazi hii sawa na mwenzake, na sisi tumo kwenye orodha ya waliopewa mlango wao wa siri.

Kwa nini Kiswahili hasa? Nitasema tu kwamba Marekani ya miaka ile ilikuwa imeanza kukisikia. Sikukuu ya Kwanzaa ya Wamarekani weusi, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilikwisha kujaza maneno yetu kwenye midomo ya watu ambao hawakuwahi kufika Mombasa.

Zile bilauri za nini? Wanakunywa?

Hawanywi. Ni ala. Kila bilauri imetiwa maji kwa kipimo. Maji yakizidi sauti inashuka, yakipungua inapanda. Mpigaji anapitisha upinde wa fidla kwenye ukingo wa bilauri na inatoka sauti laini isiyo na mwanzo, ile ile unayoipata ukizungusha kidole kilicholowa kwenye glasi nzuri. Utawaona wametoka kabla ya tamasha wakiinama mezani, wanaongeza tone, wanapima, wanapunguza. Usidhani ni wahudumu.

Pia kuna patu mbili kubwa zimetundikwa, na upatu mmojawapo utapigwa na mtu ambaye dakika moja iliyopita alikuwa na fidla begani. Kuna manyanga. Kuna vijiti vya kioo vya kugusia nyuzi, klipu za karatasi, na kastabani, zile zile za fundi cherehani, zinavaliwa vidoleni na kugongwa kwenye nyuzi. Na ala zote nne zimeunganishwa na spika. Crumb aliandika kwateti ya umeme, kwa hiyo kaa tayari: kipande cha kwanza kinaanza kwa sauti ya juu sana bila kubisha hodi. Mwenye masikio mepesi asikae karibu na spika.

Shangazi ameona jina na namba 13, anauliza kama ni muziki wa kishetani. Nimwambieje?

Mwambie ukweli, kwamba shetani yumo, naye ana kipande chake. Fidla inapiga kile kinachoitwa sauti ya Ibilisi, kwa kudokeza ile sonata ya Tartini, mtunzi wa Italia, yenye hadithi ya shetani. Kuna pia wimbo wa kale wa Kilatini wa Siku ya Ghadhabu, ambao wazee Wakatoliki waliowahi kuimba misa ya wafu kwa Kilatini wataujua kabla hata hujawaambia. Na mwaka 1973 filamu moja ya kutisha ilichukua kipande cha wadudu, hivyo jina likazidi kuharibika.

Lakini shetani hapewi neno la mwisho. Crumb aliigawa kazi katika safari tatu: Kuondoka, Kutokuwepo, Kurudi. Ni roho inayoanguka kutoka kwenye neema, inayokaa gizani, na inayorejea. Kipande cha kumi kinaitwa Muziki wa Mungu. Hapo chelo inaimba peke yake, juu kabisa, na wale wengine watatu wameweka ala zao chini wanapitisha pinde kwenye bilauri. Shangazi yangu mimi, mlokole wa kuaminika, alikuja, akanyamaza njia nzima ya kurudi, halafu akaniuliza kama kile cha bilauri kinaweza kupigwa kanisani.

Na Schubert, nisikilize nini?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapojipumzisha baada ya Crumb, na si mahali pa kupumzika.

Mwaka 1817, akiwa na miaka 20, Schubert alitia muziki shairi fupi la Matthias Claudius. Binti anamwona Mauti na kumfukuza: pita, mimi bado kijana, usiniguse. Mauti anajibu kwa upole kwamba ampe mkono, yeye ni rafiki, hakuja kuadhibu, atalala salama mikononi mwake. Kwetu Izraili hajulikani kwa kubembeleza, na ndiyo maana shairi hili hunisisimua kila mara: kinachotisha ni ule upole.

Miaka saba baadaye aliurudia wimbo huo, na kufikia hapo haukuwa tena shairi la mtu mwingine. Alikuwa ameugua kaswende, amelazwa hospitali Vienna mwaka 1823, nywele zimepukutika, amevaa wigi. Machi 1824 alimwandikia rafiki yake mchoraji, Leopold Kupelwieser, akijieleza kuwa mtu asiye na furaha kuliko wote duniani. Katika barua hiyo hiyo alisema anaandika kwateti ili zimfungulie njia ya kufikia simfoni kubwa. Nampenda kwa hilo. Mtu anakuzikia matumaini yake kwenye ukurasa mmoja, na kwenye ukurasa huo huo anakupa mpango wa kazi.

Sehemu ni nne, jumla dakika kama 40, na zote nne ziko kwenye maina, yaani mpangilio wa noti wenye sauti ya huzuni; mwenzake wa uchangamfu huitwa meja. Hiyo peke yake si kawaida. Ya kwanza imejaa noti tatu tatu zinazogonga kama mtu mlangoni. Hata wimbo mtamu ukiingia, sikiliza chini yake, ule ugongaji haujaondoka.

Ya pili ndiyo yenye wimbo wa Mauti. Kumbuka kwamba Schubert alichukua utangulizi wa piano na maneno ya Mauti. Kelele za binti aliziacha. Wimbo unatolewa mara moja, taratibu, kisha unavalishwa nguo tano tofauti. Kwanza fidla ya juu inapapatika kama ndege aliyenaswa. Kisha chelo inauchukua wimbo na kuuimba yenyewe, na hapo ndipo watu hutoa leso. Nguo ya tatu ni farasi wanaokimbia. Ya nne inaingia kwenye meja, mwanga kidogo, na usiuamini sana. Ya tano inapanda, inajaa, inaachia, na mwisho wote unatua kimya kimya kwenye meja. Binti amelala, au ametoa mkono. Mimi bado sijaamua.

Ya tatu ni fupi na ina hasira. Ya nne inakimbia kwa mdundo wa tarantela, ngoma ya Italia ambayo kwa masimulizi ya kale aliyeumwa na buibui aliicheza mpaka sumu itoke au yeye aanguke. Baada ya wadudu wote wale wa Crumb, ukikutana na buibui wa Schubert utatabasamu peke yako. Karibu na mwisho wanaongeza kasi ambayo ulidhani haiwezekani kuongezwa tena.

Aliifanyia majaribio nyumbani kwa rafiki mwanzoni mwa 1826. Inasimuliwa kwamba mpiga fidla mmoja mashuhuri wa Vienna alimshauri aachane na mambo hayo, abaki na nyimbo zake. Nota zilichapishwa 1831. Schubert alikuwa amefariki Novemba 1828, ana miaka 31.

Sijui kusoma nota. Nitaelewa?

Hata wanaozisoma wamefumba macho. Utaelewa.

Napiga makofi lini?

Wakimaliza kazi nzima. Schubert ana sehemu nne, na kati yao watu hukaa kimya, hukohoa kwa adabu, hujipanga upya vitini. Ukipiga makofi baada ya sehemu ya kwanza hakuna polisi. Katika karne ya 19 wasikilizaji walipiga makofi katikati kwa raha zao, na huu ukimya ulikuja baadaye. Ila utajisikia uko peke yako. Kwa Crumb fuata macho: wapigaji wakishusha pinde na mabega yakalegea, basi imekwisha. Kabla ya hapo, hata kimya ni sehemu ya muziki.

Aliyeuliza kama anaweza kwenda kutunza, jibu ni hapana. Najua. Kwetu kwenye taarabu fidla ikilia vizuri na neno likikugusa, unanyanyuka, unakwenda kwa mwendo wa madaha, unaweka noti yako, na ukumbi mzima unajua neno limempata nani. Huku yote hayo yanamezwa. Nilichukua miaka kuzoea, na bado chelo ikiingia kwenye ile nguo ya pili mkono unakwenda kwenye pochi wenyewe.

Nivae nini?

Nguo safi. Suti si lazima. Vitenge vyenu mlivyovificha kwa ajili ya harusi vinakaribishwa, isipokuwa vilemba virefu. Anayekaa nyuma naye kalipa.

Naweza kuja na watoto?

Kwa Crumb, wakubwa kidogo, wenye umri wa kuuliza maswali. Mtoto wa miaka kumi atafurahia zile bilauri kuliko sisi. Wa miaka minne atalia kwenye kipande cha kwanza, na atakuwa na haki.

Nikichelewa? Nikikohoa? Simu?

Ukichelewa utazuiwa mlangoni mpaka kazi ya kwanza iishe, yaani utamkosa Crumb mzima, dakika 20 na ushei, na itabidi unisikilize nikikusimulia. Saa moja na nusu ya mwaliko ni saa moja na nusu kweli. Kikohozi kimbane na pipi, ila uimenye kabla, si wakati wa Muziki wa Mungu. Simu zima kabisa. Mtetemo kwenye kiti cha mbao unasikika hadi jukwaani.

Tiketi ni ghali?

Si kama mnavyodhani, na hata kidogo si kama mpira. Kumbi nyingi zina bei ya wanafunzi na vijana. Wigmore Hall kwa mfano imekuwa na tiketi za pauni 5 kwa walio chini ya miaka 35. Mnaoishi London hamna kisingizio. Viti vya bei ya chini viko pembeni au nyuma, na kwa programu hii mimi napenda pembeni, mahali unapoona meza za bilauri.

Nikisinzia?

Kwa Schubert, sehemu ya pili, inatokea. Usikorome. Kwa Crumb sijawahi kumwona aliyeweza.

Nyumbani nisikilize nini kwanza?

Wimbo wa 1817, dakika mbili na ushei tu, mwimbaji na piano. Kisha sehemu ya pili ya kwateti. Crumb usimsikilize kabla, hasa kwenye simu. Nusu ya kazi yake ni kuwaona watu wakinyanyuka, wakibadilisha ala, wakinong'ona. Ukishatoka ukumbini, tafuta rekodi ya Kronos ya mwaka 1990 ujikumbushe.

Kuna programu nyingine za namna hii? Na sisi wa Afrika Mashariki hatumo?

Zipo nyingi. Brahms aliandika trio ya fidla, baragumu la Kizungu na piano mwaka 1865, na mwaka 1982 György Ligeti akaandika yake kwa ala hizo hizo, akaitoa kwa heshima ya Brahms. Wawili hao hupangwa pamoja mara kwa mara. Schumann ana vipande vinne vya klarineti, viola na piano vya mwaka 1853, na György Kurtág, aliyezaliwa 1926, alimjibu mwaka 1990 kwa ala zile zile. Kurtág ndiye ninayempenda zaidi kwa ufupi wake: vipande vingine vinakwisha kabla hujakaa sawa, na mwishoni kabisa mpiga klarineti anapiga ngoma kubwa mara moja. Basi.

Kuhusu sisi, mtafuteni Justinian Tamusuza wa Uganda. Mwaka 1988 aliandika kwateti ya nyuzi yenye jina la Kiganda, "Mu Kkubo Ery'Omusaalaba", yaani katika njia ya msalaba, na Kronos waliirekodi sehemu yake ya kwanza kwenye albamu yao ya kazi za Waafrika ya mwaka 1992. Fidla pale zinachomoa na kugonga midundo ya Kiganda, na ukifumba macho unajiuliza ni nani kaleta amadinda, marimba ya Kiganda, ukumbini. Bado sijaiona ikipangwa na Schubert usiku mmoja. Nimewaandikia barua pepe waandaaji wa hapa kwetu mara mbili, na jibu lao la pili lilikuwa na adabu zaidi kuliko la kwanza.

Baada ya tamasha naweza kupanda jukwaani kuzigusa bilauri?

Kuzigusa hapana, kuziona ndiyo. Subiri makofi yaishe, watu watawanyike, kisha simama chini ya jukwaa upande wa meza. Mara nyingi mmoja wa wapigaji hurudi kuzimwaga, maana haziwezi kusafirishwa na maji ndani. Muulize kwa heshima atakupigia moja. Mwambie pia unatoka wapi, na kwamba zile namba ni za kwenu. Mara ya mwisho yule wa viola alichomoa penseli, akaniomba nimtamkie taratibu.